Uti na Ugwe

Shule ya msingi tulikaririshwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi wa nchi yetu. Niliichomeka sentensi hiyo kwenye kila insha, hata ile ya "Sikukuu Nyumbani Kwetu". Sikuwahi kujiuliza uti wa mgongo ni nini hasa. Nilijua tu kwamba ni kitu ambacho kikivunjika, basi tena.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye nilikuwa nimekaa na Mama mbele ya meza ya daktari, Dar es Salaam. Daktari akageuza kompyuta ili nasi tuione picha, akasema, "Tatizo la Mama liko kwenye uti wa mgongo. Nashauri tufanye upasuaji." Mama hakuuliza kitu. Alikunja pindo la kanga yake mapajani, akalikunjua, akalikunja tena.

Nje, tukisubiri bajaji, ndipo akasema: "Nirudishe Muheza, mwanangu. Mimi siwezi kwenda kwa miguu yangu nikarudi nimebebwa."

Maneno hayo hayakuwa yake peke yake. Yalikuwa ya ukoo mzima. Kila mtoto wa kwetu amekua akisikia habari za Mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, wakampasua mgongo, akarudi amebebwa kitandani. Akaishi miaka sita kwenye mkeka barazani, kisha akafariki. Hadithi inaishia hapo, na funzo lake halikuhitaji kuelezwa: mgongo haupasuliwi.

Mama ni fundi cherehani. Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu, na ajabu yenyewe ndiyo iliyotuchelewesha. Akikaa kwenye cherehani, anashona tangu asubuhi mpaka adhuhuri wala hasemi lolote. Lakini mwambie atembee kwenda sokoni. Akifika nguzo ya tatu ya umeme, miguu inakuwa mizito, moto unashuka kutoka matakoni hadi kwenye vigimbi, kisha ganzi. Anaomba kukaa kwenye baraza ya watu, anainama mbele kama mtu anayetafuta sindano chini, na baada ya dakika tano yuko mzima. Anaamka, nguzo tatu nyingine, anakaa tena. Halafu, na hili ndilo lililomponza, siku akisukuma toroli lenye ndoo za maji, ameinamia mpini, alikuwa anafika mbali bila kusimama. Watu wakaanza kunong'ona. Hivi mtu gani anashindwa kutembea mikono mitupu, lakini akiwa na mzigo anaweza? Kaka yangu akasema wazi kwamba Mama anadeka.

Nami, nisiwafiche, nilikubaliana naye kwa karibu mwaka mzima.

Kumbe toroli lilikuwa ndilo jibu. Daktari alituelezea hivi: pingili za mgongo zimepangana, na kila pingili ina tundu nyuma yake, hivyo zikipangana matundu yale yanakuwa mfereji. Ndani ya mfereji ndimo zinamopita neva zinazoteremka miguuni. Umri unapokwenda, mifupa inaota vinundu, kano zinanenepa, mfereji unakuwa mwembamba. Ukisimama wima, unabanwa zaidi. Ukiinama mbele, unapanuka kidogo na neva zinapata nafasi. Ndiyo maana Mama alipona kila alipoinama, na ndiyo maana toroli lilimpeleka mbali kuliko miguu yake mitupu. Ule uongo tuliomsingizia ulikuwa dalili ya ugonjwa, ya wazi kabisa, na sote tulikuwa tunaitazama.

Tukaitisha kikao cha familia. Kaka alitoka Tanga, akafika jioni. Kaka ni dereva wa lori, na alikuja na hoja yake mkononi.

"Mimi si diski ilitoka? Si mguu wote ulikuwa unawaka, silali? Wakaniambia mambo ya kisu, nikakataa. Nikafanya mazoezi yao, nikanywa vidonge, miezi mitatu nikapona. Leo si huyu hapa, naendesha?"

Ilikuwa kweli tupu. Diski ni kama kimto kati ya pingili na pingili: nje kigumu kama ukili uliosukwa, ndani laini. Ule ukili ukipasuka, kile laini kinachomoza na kuibana neva ya mguu. Hadi mwaka 1934, Mixter na Barr, madaktari wawili wa Boston, walipochapisha taarifa ya wagonjwa wao waliowapasua, madaktari wengi hawakujua kwamba maumivu yale ya mguu mara nyingi asili yake ni hiyo. Tangu hapo operesheni ya diski imekuwa ya kawaida, na sasa hufanywa kwa mkato mdogo na hadubini. Lakini pia ni kweli kwamba mwili wenyewe mara nyingi huila ile sehemu iliyochomoza. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine lilisubiri, na waliozidiwa katika kundi hilo nao wakapasuliwa baadaye. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa sawa.

Kwa hiyo Kaka alifanya uamuzi wa maana, ila alitaka kumvisha Mama shati lililoshonwa kwa mwili wake yeye. Mfereji wa Mama ulibanwa na mfupa na kano, na mfupa hauliwi na mwili. Wapo wengi wenye ugonjwa huo wanaoishi nao miaka bila kuzidiwa, kwa mazoezi na dawa, na wengine hupata ahueni ya muda kwa sindano ya steroidi mgongoni. Tulikuwa tumeshapita huko kote. Na kulikuwa na jambo jipya ambalo Mama alilitaja kwa aibu tu: ndala ya mguu wa kushoto ilikuwa inamvuka njiani bila yeye kujua. Anafika nyumbani na ndala moja. Nguvu za kukunja kikanyagio juu zilikuwa zinamtoka.

Daktari alikuwa pia ametuachia onyo moja, nami nalirudia hapa kwa yeyote mwenye mgonjwa wa mgongo nyumbani. Mtu akianza kupata ganzi sehemu zile anazokalia, au mkojo unamtoka au unagoma kutoka, au ameshindwa kuzuia haja, au miguu yote miwili inalegea, hapo hakuna kikao cha familia. Ni hospitali saa ile ile.

Tukatafuta daktari wa pili, maana wa kwanza alitaka mambo mawili kwa mpigo: kufungua mfereji, na kisha kuunga pingili ya nne na ya tano za kiuno kwa skrubu na vyuma, kwa kuwa ile ya nne ilikuwa imesogea mbele kidogo juu ya mwenzake. Gharama ya vyuma peke yake ilitosha kununua kiwanja kwetu Muheza.

Wa pili alikuwa mtu wa makamo, hana haraka. Alianza na swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza Mama.

"Shikamoo, Mama. Hebu niambie, kinachokusumbua zaidi ni mgongo au ni miguu?"

Mama akafikiri. "Miguu, mwanangu. Mgongo nimeuzoea."

"Vizuri. Kwa sababu operesheni ninayoifikiria mimi ni ya miguu. Mgongo sikuahidi."

Akaagiza eksirei mbili, moja Mama akiwa ameinama mbele, nyingine akiwa amejinyoosha nyuma. Akazipima. Ile pingili iliyosogea haikuwa inacheza. Ilikaa pale pale katika picha zote mbili. "Hii imetulia," akasema. "Tufungue njia tu. Vyuma tuviache dukani."

Nikamuuliza kwa nini mwenzake alisema vingine. Hakumsema vibaya. Aliniambia kwamba wanaobishana hapo ni madaktari wa dunia nzima. Mwaka 2016, katika toleo moja la jarida moja la Marekani, zilichapishwa tafiti mbili juu ya jambo hilo hilo. Ile ya Uswidi, yenye wagonjwa 247, iliona kwamba kuunga pingili hakukuongeza nafuu yoyote ya maana baada ya miaka miwili. Ile ya Marekani, yenye wagonjwa 66, iliona kuna nafuu kiasi kwa waliounganishwa. "Kwa hiyo," akasema, "anayekwambia ana hakika kabisa, muulize mara mbili. Mimi natazama kama mfupa unacheza. Ukicheza, naufunga. Ukitulia, nauacha."

Niliondoka pale nikiwa nimeridhika. Mama hakuridhika. Usiku huo alikaa kitandani kwangu Tabata, taa imezimwa, akaniambia tena, "Uti wa mgongo ni uti wa mgongo tu. Wakikosea hata kidogo, ndiyo nimelala moja kwa moja."

Sasa, kazi yangu mimi ni kusahihisha miswada ya vitabu. Nalipwa kuona neno moja likifanya kazi ya maneno mawili. Usiku ule ndipo nilipoliona. Tunaposema "uti wa mgongo" tunataja ile nguzo ya mifupa: pingili saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, kisha zile zilizoungana za nyonga na kifandugu. Lakini "uti wa mgongo" huohuo tunautumia kwa ile kamba laini iliyomo ndani, inayotoka kwenye ubongo. Na hata ugonjwa wa utando unaozunguka ubongo na kamba hiyo, tunasema homa ya uti wa mgongo. Mfupa, kamba, na homa inayoua, vyote jina moja. Basi daktari akisema atapasua uti wa mgongo, yeye ana mfupa kichwani mwake, na mgonjwa anasikia kamba inakatwa.

Na lugha haikushindwa. Neno lipo, nilikutana nalo kwenye vitabu vya sayansi: ugwe mgongo. Ugwe, kama ugwe wa kufungia kitu, kamba. Liko vitabuni limelala, hodi ya wodini halijawahi kupiga.

Nikawasha taa. Nikachukua utepe wa Mama wa kupimia nguo, nikauning'iniza mbele yake.

"Mama, tazama. Huu utepe ndio ugwe. Unatoka kichwani, unateremka ndani ya mifupa. Lakini haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima unaishia hapa, kama pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno." Nikamgusa mgongoni, juu kidogo ya mahali anapofungia kanga. "Kuanzia hapo kushuka hakuna ugwe tena. Kuna nyuzi nyuzi za neva zinazoning'inia. Madaktari wanaziita mkia wa farasi. Wewe ugonjwa wako uko huku chini, pingili ya nne na ya tano. Atakachoondoa daktari ni paa la mfupa kwa nyuma, ili zile nyuzi zipate hewa. Ugwe hata hafiki karibu yake."

"Mkia wa farasi," akasema Mama. Akacheka kidogo. "Na farasi mwenyewe sijawahi kumgusa."

"Si kwamba haina hatari. Utando unaweza kuchanika, kidonda kinaweza kupata usaha, neva inaweza kuumizwa, na miaka ikipita mfereji unaweza kubana tena. Alisema yote hayo, ulisikia. Lakini si ile unayoiogopa."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, taratibu sana:

"Na kaka yangu, yeye ilikuwa juu, siyo? Huku kifuani?"

"Sijui, Mama. Mjomba alikuwa anaumwa nini?"

Ndugu msomaji, nimeisikia hadithi ya Mjomba pengine mara mia, na hadi usiku ule sikuwa nimewahi kuuliza swali hilo. Sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kuliuliza.

"Alikuwa na kifua kikuu," akasema Mama. "Kilimwingia mgongoni. Alianza kukonda, usiku anatoka jasho shuka nzima, kisha pakaota kibiongo hapa katikati. Miguu ikalegea. Wiki tatu hatembei. Alibebwa kwenda, mwanangu. Hakwenda kwa miguu yake. Mimi ndiye niliyeshika upande wa miguu tulipompakia kwenye gari la shamba. Walimpasua kutoa usaha, wakampa vidonge vya miezi mingi. Homa ikaisha, akala, akanenepa. Miguu ndiyo haikurudi."

"Sasa ile hadithi?"

"Bibi yako alitukalisha chini. Ilikuwa mwaka 1988. Alikuwa na mabinti wawili wa kuposwa, na watu wakiona mtu amekonda wameshaanza kusema maneno. Nyumba yenye kifua kikuu nani angekuja kuposa? Akasema, mtu akiuliza, semeni ni operesheni. Operesheni haina aibu. Tukala kiapo. Wenzangu wote wameshatangulia. Nimebaki mimi."

Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa kilio kilishapita, matanga yakaanuliwa, na maradhi yakabaki yamefichwa. Uongo ule ulifanya kazi yake: mabinti wale, mama zangu wadogo, waliolewa vizuri. Lakini uongo hauondoki ukishamaliza kazi uliyotumwa. Ulibaki barazani, ukawatisha watu wa ukoo wetu kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwishowe ukamtisha hata yeye aliyeujua kwamba ni uongo. Nilimuuliza, inawezekanaje uogope kitu ambacho unajua hakikutokea? Akasema, "Ukilisema neno muda mrefu, linakuwa."

Baadaye, Muheza, alinionyesha cheti cha Mjomba, kimekunjwa ndani ya sanduku la chuma. Karatasi imekuwa kahawia. Kimeandikwa kama alivyosema: kifua kikuu cha mgongo, miguu yote miwili haina nguvu kwa wiki tatu. Ugonjwa huo una historia ndefu. Daktari wa London, Percivall Pott, alieleza mwaka 1779 jinsi kibiongo cha namna hiyo kinavyoandamana na kupooza miguu, zaidi ya miaka mia kabla ya Koch kumgundua bakteria wake mwaka 1882. Leo dawa ndizo tiba yake ya msingi, na kisu huja pale ugwe unapobanwa au mgongo unapozidi kupinda. Kadiri mgonjwa anavyowahi kabla miguu haijalala, ndivyo anavyokuwa na matumaini zaidi. Kwa hiyo funzo la kweli la Mjomba lilikuwa kinyume kabisa cha lile tulilofundishwa. Lilikuwa: wahi.

Asubuhi yake Mama alimpigia Kaka mwenyewe. Nilikuwa jikoni, nikasikia upande mmoja tu. Alieleza yote, bila kulia. Kisha akanyamaza kumsikiliza. Kisha akasema, "Ndiyo. Miaka yote hii." Kisha, "Basi njoo unisindikize."

Kaka alikuja. Tulikaa wote wawili kwenye benchi wakati Mama amelazwa kifudifudi mle ndani, amepigwa nusu kaputi. Hatukuongea sana. Kaka aliniuliza mara moja, "Hivi yule mkia wa nini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Ilichukua karibu saa tatu. Daktari alipotoka alisema utando uko salama na njia imefunguka, na kesho yake Mama alisimama akishika fremu ya kutembelea, Kaka upande mmoja na muuguzi upande mwingine, akapiga hatua hadi mlangoni. Tulikuwa tumejiandaa kumbeba. Hakuna aliyebebwa.

Sitaki kuandika kana kwamba ni muujiza. Daktari alisema mgongo hauahidi, na kweli mgongo haukuahidiwa: mvua za masika zikianza, Mama anajikanda kiuno na kulalamika kama kawaida. Kidole gumba cha mguu wa kushoto bado kina ganzi, na huenda kikabaki hivyo, kwa sababu neva iliyobanwa muda mrefu si lazima irudi yote. Ule mwaka tuliomwita mwenye kudeka, pengine ndio uliokaa kwenye kidole kile. Nalifikiria hilo kila nikimwona anavaa soksi.

Lakini ndala haimvuki tena. Na nguzo za umeme amezihesabu mwenyewe, kutoka nyumbani hadi sokoni ni kumi na saba, anazipita zote bila kukaa kwenye baraza ya mtu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Jirani alikuja jioni, amevaa mtandio wa kutokea, akakaa kwenye kigoda. Mumewe anaumwa mgongo, hospitali wamemwambia upasuaji, watu wamemwonya asithubutu. Alitaka kusikia kwa aliyepasuliwa. Nilidhani Mama ataanza kusimulia habari zake, vile wagonjwa waliopona wanavyopenda. Hakusimulia. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akamtazama yule mama.

"Kinachomuuma ni mgongo," akauliza, "au ni miguu?"